Mbona hakuna anayemtambua Viola?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeangalia She's the Man mara mbili, halafu nikaitafuta tamthilia ya Shakespeare iliyozaa filamu hiyo, Twelfth Night, nikaisoma mpaka mwisho. Kuna jambo linanisumbua. Mbona kwenye filamu shule nzima inadanganyika na wigi la Viola, anayejifanya kaka yake Sebastian, wakati sisi watazamaji tunaona wazi kuwa yule ni msichana? Mimi na wenzangu tunataka kuandika hadithi ya aina hiyo kwa vijana wa leo. Tuanzie wapi ili isiishie kuwa kichekesho cha wigi tu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Maswali yako ni mawili. La pili ndilo lililonikalisha chini niandike kwa urefu huu, ila njia ya kulifikia inapita kwenye lile la wigi.

Kumbukumbu ya kwanza tuliyo nayo ya Twelfth Night kuonyeshwa ni ya tarehe 2 Februari 1602, katika ukumbi wa Middle Temple jijini London, makao ya wanasheria na wanafunzi wao. Mmoja wa waliokuwepo, John Manningham, aliandika kwenye shajara yake kwamba mchezo ule unafanana na The Comedy of Errors ya Shakespeare huyohuyo, na Menaechmi ya Plautus, Mroma aliyemtangulia kwa takriban miaka 1,800. Kwa hiyo tangu siku ile walikuwepo watazamaji walioufahamu mchezo wa pacha kufananishwa na pacha. Hawakuja kudanganywa. Walikuja kuwatazama wengine wakidanganyika huku wao wanajua kila kitu, na utamu wote umo humo, katika kujua jambo ambalo Olivia, mwanamke anayempenda Viola akidhani ni mvulana, na Orsino, mtawala ambaye Viola anampenda, hawalijui. Ukiona wazi kwamba yule ni msichana, basi umeketi mahali hasa mtunzi alipotaka uketi.

Ila kuna kitu kimebadilika, na hicho ndicho kinachokusumbua bila kujua. Wakati wa Shakespeare wanawake hawakupanda kwenye majukwaa ya kulipia ya Uingereza. Walianza baada ya 1660. Viola aliigizwa na mvulana. Yaani mvulana anaigiza msichana, na msichana huyo anajifanya mvulana aitwaye Cesario. Akishakuwa Cesario, mwigizaji anakuwa karibu na mwili wake mwenyewe, na kibarua kigumu kilikuwa kile cha mwanzo, cha kuifanya hadhira imwone msichana. Katika filamu ya 2006, iliyoongozwa na Andy Fickman, kibarua kimegeuka. Amanda Bynes ni msichana, na jasho lote linamtoka katika kuwa mvulana: wigi, nywele za mashavuni, sauti ya kukwaruza, mwendo wa kutanua mabega. Halafu kamera inasogea mpaka tunahesabu kope zake. Jukwaani umbali unamsaidia mwigizaji, lakini kwenye filamu ukaribu unamfichua. Waandishi wa filamu walilijua hilo, wakaamua kwamba badala ya kuficha ubovu wa ule ugeuzaji, waufanye uwe ndio kichekesho. Mimi naona waliamua vizuri.

Na hawakuacha mambo yajiendee. Angalia hili, maana litakufaa kwenye kuandika. Kaka yake, Sebastian, hajawahi kusoma Illyria, shule ambako Viola anajifanya yeye. Amefukuzwa shule ya zamani, Cornwall, ndiyo kwanza anahamia pale, na badala ya kuripoti anatorokea London kupiga muziki kwa wiki mbili. Kwa hiyo shuleni hakuna hata mmoja anayeujua uso wa Sebastian. Wanachojua ni kwamba anakuja mwanafunzi mpya, mvulana, na jina lake lipo kwenye orodha. Anayekuja na jina hilo ndiye. Hatari inatoka kwa wanaomfahamu kweli, yule mpenzi wake Monique na familia yake, na ndiyo maana kila wanapotokea filamu inashika kasi. Hata kwenye tamthilia Viola ni mgeni aliyetupwa pwani na bahari. Illyria ya Shakespeare haikuwahi kumwona akiwa na gauni.

Lugha yetu imelisema jambo hili vizuri. Unamgusa mtu bega kwa nyuma, anageuka, unasema, "Samahani, nimekufananisha." Ulikuwa umeona shati, mwendo, kisogo, mahali ambapo rafiki yako hupenda kusimama, na vyote hivyo vikakutosha kabla uso haujageuka. Waliosoma Mabepari wa Venisi, tamthilia nyingine ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Julius Nyerere mwaka 1969, wanakumbuka Bassanio akisimama mahakamani mbele ya mke wake mwenyewe aliyevaa kama mwanasheria, asimtambue. Hakutarajia kumwona mkewe mahali pale, basi hakumwona.

Sasa nije kwenye swali lako la kuandika. Vijana wengi wanaonionyesha kazi zao huanza na vazi: nani atavaa nini, nani atamchanganya nani. Mimi ningekuomba uanze na sababu. Kwa nini mtu huyu hawezi kuingia mlangoni akiwa yeye mwenyewe? Sababu utakayoichagua ndiyo itakayoamua mwisho wako, na hapo ndipo tamthilia na filamu zinapoachana njia.

Katika filamu sababu ni mpira. Shule ya Viola imevunja timu ya wasichana. Anaomba kujaribiwa na wavulana, anachekwa, na aliyekuwa mpenzi wake, Justin, hasimami upande wake. Anakwenda Illyria kwa jina la kaka yake ili aifunge Cornwall. Ni sababu safi, kijana yeyote anaielewa mara moja: nimenyimwa nafasi kwa kuwa mimi ni msichana, nitaonyesha ninachoweza. Just One of the Guys ya 1985 ilikuwa imeshapita njia hiyohiyo. Terry anaamini makala yake haikuthaminiwa kwa kuwa mwandishi wake ni msichana mrembo, basi anajiandikisha shule nyingine kama mvulana. Motocrossed ya 2001, iliyotengenezwa kwa ajili ya Disney Channel, imempa Andrea pikipiki za mashindano. Pacha wake, Andrew, amevunjika mguu, naye anakata nywele na kushindana kwa jina lake.

Katika tamthilia sababu ni msiba. Meli imevunjika, Viola anadhani pacha wake amezama. Yuko peke yake kwenye nchi asiyoijua, anamuuliza nahodha hii ni nchi gani, anaambiwa ni Illyria, naye anajibu kwa swali ambalo kila nikilisoma linanishika: nitafanya nini mimi Illyria, na kaka yangu yuko peponi? Halafu anavaa nguo za kiume, na baadaye tunasikia kutoka kinywani mwake kwamba amejivika kama kaka yake alivyokuwa akivaa, kwa rangi na mapambo yaleyale. Kwa Viola vazi ni zaidi ya kujificha. Kila asubuhi akijitazama kwenye kioo anamwona marehemu.

Shakespeare mwenyewe alikuwa baba wa pacha, mvulana na msichana, Hamnet na Judith, waliobatizwa tarehe 2 Februari 1585. Hamnet alizikwa Agosti 1596 akiwa na miaka kumi na moja. Siisomi tamthilia kama wasifu wa mtu, na wewe usifanye hivyo. Lakini aliyeandika kuhusu dada aliyebaki bila pacha wake alikuwa na binti wa namna hiyo nyumbani kwake.

Kwenye filamu hakuna anayemlilia yeyote. Sebastian yuko London na gitaa lake, atarudi. Siwalaumu waandishi, filamu ya vijana ya kuchekesha ina mipaka yake, ila uone bei waliyolipa. Tamthilia inafika sehemu ya tano, pacha wote wawili wamesimama mbele ya watu. Orsino anashangaa: uso mmoja, sauti moja, vazi moja, na watu wawili. Kila mtu ameshaelewa. Viola na Sebastian peke yao ndio wanaogoma kuelewa. Sebastian anamuuliza huyu mgeni anatoka nchi gani, jina lake nani, wazazi wake ni akina nani. Viola anasema baba yangu alikuwa na alama kwenye paji la uso. Wangu pia, anajibu Sebastian. Alikufa siku Viola alipotimiza miaka kumi na mitatu. Sebastian anaikumbuka siku hiyo. Wanasogea kwa hatua ndogondogo, kama mtu anayepita juu ya ubao asioujua kama utamhimili, kwa sababu kila mmoja anaogopa kufurahi halafu ikawa si kweli.

Niliwahi kuongoza vijana katika onyesho hilo. Aliyeigiza Sebastian alimzidi Viola kimo kwa kichwa kizima, na hawakufanana hata masikio. Nilikuwa na wasiwasi kwamba watu wangecheka. Tulipofika kwenye ile alama ya baba, binti aliinua kidole akagusa paji lake mwenyewe, taratibu, na yule kijana bila kuelekezwa akainua chake. Hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo sijawahi kupoteza muda kutafuta waigizaji wanaofanana.

Linganisha na filamu. Utambuzi unatokea katikati ya mechi dhidi ya Cornwall. Mkuu wa shule anasimamisha mchezo akitaka kumfichua msichana, bila kujua kwamba aliyepo uwanjani wakati huo ni Sebastian halisi, na Sebastian anashusha suruali kuthibitisha. Baadaye wanabadilishana, Viola anavua wigi mbele ya Duke, kijana anayempenda, halafu anainua jezi. Na kumbuka Just One of the Guys: Terry naye anafungua shati kumthibitishia kijana anayempenda. Filamu mbili, miaka 21 kati yake, ushahidi uleule. Sasa unaona kwa nini nasema sababu huamua mwisho? Kama tatizo lako ni kwamba wanakukataa kwa ajili ya mwili wako, basi mwili ndio utakaoitwa kutoa ushahidi. Kama tatizo lako ni kwamba umempoteza mtu, shahidi ni kumbukumbu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliziweka alama za mwilini na vidani chini kabisa katika ngazi ya namna za kutambuana, akiziona ni njia ya mtunzi aliyeishiwa. Hata ile alama ya baba ingeingia kundi hilo, ila haipo kwenye mwili wa yeyote aliyesimama jukwaani. Ipo kwenye vichwa vya watoto wawili tu.

Kuna jambo jingine ambalo vazi hufanya, na hapa filamu inasimama vizuri. Vazi humpa mtu ruhusa ya kusema kweli. Katika sehemu ya pili Orsino anadai mbele ya Cesario kwamba hakuna mwanamke awezaye kupenda kama yeye. Cesario anamwambia: baba yangu alikuwa na binti aliyempenda mwanamume. Historia yake ikoje? Ukurasa mtupu, bwana wangu; hakuwahi kusema. Orsino, akiwa amevutwa, anauliza kama dada yako alikufa kwa mapenzi hayo. Viola anajibu kwamba yeye ndiye mabinti wote wa nyumba ya baba yake, na ndugu wa kiume wote pia, kisha anaongeza: ila sijui. Katika jibu hilo moja amemtangazia mapenzi mtu aliye mbele yake na amemlilia kaka yake, na Orsino hajasikia hata kimoja. Angekuwa amevaa gauni, mazungumzo haya yasingekuwepo kabisa.

Filamu imeligeuza bweni kuwa baraza la Orsino. Duke, aliyeigizwa na Channing Tatum, na "Sebastian" wanalala chumba kimoja. Duke ni nahodha wa timu, mwili mkubwa, lakini mbele ya msichana ulimi unamkauka. Basi Viola anajitolea kumfundisha: jifanye mimi ni msichana, nizungumzishe. Swali linalomtoka Duke ni kama anapenda jibini. Wengi wanakumbuka tukio hilo kwa kicheko. Mimi naliona ni tukio la Shakespeare kabisa, tena linafanana zaidi na As You Like It, ambako Rosalind akiwa amevaa kiume anamwambia Orlando ajifanye anamtongoza Rosalind. Msichana anajifanya mvulana anayejifanya msichana, na kijana anajifunza kuzungumza na mtu aliye mbele yake tayari.

Hilo la kujifanya kwa ajili ya kusema utalikuta hata pasipo na wigi. 10 Things I Hate About You ya 1999 inatokana na The Taming of the Shrew, ambamo Lucentio anajifanya mwalimu wa Kilatini na kupenyeza maneno ya mapenzi kati ya mistari ya somo. Kwenye filamu Cameron anajitolea kumfundisha Bianca Kifaransa ambacho hakijui. Karen McCullah na Kirsten Smith, walioandika mwongozo huo, ndio walioshiriki pia kuandika She's the Man, kwa hiyo mkono unaouona ni mmoja.

Kwa hadithi ya leo ningekushauri uende mbali zaidi na wigi. Kijana wa leo akikutana na mwanafunzi mpya, kabla jua halijazama ameshatafuta picha zake kwenye simu. Uso hauwezi tena kuficha mtu kwa wiki mbili. Maneno yanaweza. Hapo anaingia Cyrano de Bergerac, tamthilia ya Edmond Rostand iliyoonyeshwa mara ya kwanza Paris Desemba 1897: mtu mmoja ana uso, mwingine ana maneno, na mwanamke anayapenda maneno akidhani anaupenda uso. Alice Wu aliipeleka kwenye shule ya sekondari ya mji mdogo wa Marekani katika The Half of It ya 2020. Ellie Chu anamwandikia Paul barua na ujumbe wa simu wa kumpelekea Aster, na Ellie mwenyewe ndiye anayempenda Aster. Hakuna aliyebadilisha nguo, lakini kufananisha kupo. Aster anazungumza kila usiku na mtu asiyemjua, na anayekaa naye mezani hana la kusema. Kati ya filamu zote nilizozitaja, hii ndiyo iliyonirudishia ule ukurasa mtupu wa Viola.

Na msimsahau Malvolio. Filamu imempunguza mpaka akawa jina la buibui mkubwa anayefugwa na mwanafunzi mmoja, Malcolm. Kwenye tamthilia ni msimamizi wa nyumba ya Olivia, mtu mkavu asiyependwa, na wenzake wanaghushi barua kwa mwandiko unaofanana na wa Olivia. Anaamini anapendwa. Anavaa soksi ndefu za manjano alizoambiwa avae, anatabasamu alivyoambiwa atabasamu, kisha anafungiwa gizani kama mwendawazimu. Anaondoka akiapa kulipiza kisasi kwa kundi zima. Hiyo barua leo ni akaunti bandia iliyofunguliwa kwa picha ya msichana wa darasani, na kila kijana atakayesoma kazi yenu anamjua mtu aliyewahi kufanyiwa hivyo, au aliyefanya. Kufananisha kulekule kunakomletea Viola mapenzi kunamvunja Malvolio. Mkiweka hadithi hizo mbili pamoja, watazamaji wenu watacheka, halafu watajiuliza wamecheka nini.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hamjagawana nafasi, andikeni kwanza ukurasa wa kutambuana. Wawili wamekutana, kila mtu ameshaelewa isipokuwa wao. Tafuteni kitu kimoja ambacho wao tu wanakijua: kitu cha nyumbani, kidogo, kisichoonekana mwilini. Mkikosa kitu hicho, rudini kwenye sababu yenu, maana bado haijaiva.

Na mkifika mwisho, angalieni jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Viola hatumwoni tena akiwa na gauni. Nguo zake za kike ziko kwa yule nahodha, na nahodha yuko kifungoni kwa kesi aliyofunguliwa na Malvolio, ambaye ameondoka kwa hasira. Orsino anatuma watu wamkimbilie wakamsihi apatane nao, na mpaka anatoka jukwaani bado anamwita Viola kwa jina la Cesario.